Haja haisemwi kwa kanga

Mimi ni kungwi hapa Tanga, na haya ninayoyaandika ndiyo ninayowaambia mabinti ndani, mlango umefungwa, siku za kufundwa. Siku hizi wanaume nao hunifuata kuuliza, kwa hiyo na wao wasome.

Sisi wa pwani tumelelewa kusema kwa mafumbo. Mke akiudhika anavaa ile kanga ya "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu" na kupita nayo mbele ya mume mara mbili tatu. Chumbani kuna udi, kuna shanga, kuna kitambaa chekundu juu ya mto kwa zile siku ambazo mume anatakiwa ajue bila kuuliza. Sifuti hata kimoja katika hivyo, mahaba yananoga kwa fumbo. Lakini haja ni jambo jingine. Haja ya hela, ya usingizi, ya kusikilizwa, ya kuguswa au ya kuachwa upumzike, ukiifumba, mwenzio ataifumbua ajuavyo yeye.

Kuna binti niliyemfunda aliona kodi ya meza, ile hela ya chakula ya kila siku, haitoshi tena. Badala ya kusema, akawa anapika dagaa. Mchana dagaa, usiku dagaa, anangoja mume aulize samaki wamekwenda wapi. Mume, dereva wa bajaji, akala, akashukuru, na mwisho wa wiki akamletea mfuko mzima wa dagaa wa Kigoma, maana alijua mkewe ndicho anachokipenda. Binti alilia karibu usiku kucha. Na yule bwana hakuwa mtu mbaya. Hakuambiwa tu.

Basi kabla hujamwita mwenzio, kaa peke yako kwanza uijue haja yenyewe. Jiulize: nataka kifanyike nini hasa, na kifanyike lini? "Hunijali" si haja, ni uchungu. Mtu akiambiwa "hunijali" atajitetea, na mtamaliza usiku mnahesabiana mabaya. "Ukiona utachelewa, nipigie kabla ya magharibi nijue kama nikuwekee chakula" ni haja, maana hata kesho anaweza kuitimiza. Halafu jipime: nikikipata hiki leo, moyo utatulia? Ukiona hautatulia, bado hujakifikia chenyewe. Mke anayegombana kila siku kwa ajili ya vyombo vilivyoachwa mezani, mara nyingi anachokitaka ni kuulizwa "leo umeshindaje?" Na aombe hilo.

Kama ni hela, nenda na hesabu. Andika mchele, mafuta, mkaa, nauli ya mtoto wa shule, ujumlishe, uende na karatasi. Wala usiombe kwa kujikunja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inampa mume wajibu wa kumpatia mkewe malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Simwambii mtu amsomee mumewe sheria mezani. Nataka ujue tu kwamba unazungumzia haki, ili sauti yako isitetemeke.

Wakati nao una kazi yake. Usimshike mlangoni anavua viatu. Usiseme mbele ya mama mkwe, wala mbele ya watoto, wala yeye akiwa na simu mkononi. Hapa kwetu wanaume wengi baada ya isha huenda barazani kwenye kahawa na bao, mwache aende, lakini kabla hajatoka mwambie: "Baba Fulani, ukirudi nina neno nawe, si baya, ni la matumizi." Usiache hilo la "si baya, ni la matumizi." Ukimwambia "tuna mazungumzo" ukanyamaza, atakunywa kahawa yake roho juu, na atarudi ameshajipanga kwa vita.

Ukianza, anza na hali ilivyo, kisha unachotaka, kisha nyamaza. Yule binti wa dagaa nilimpa maneno haya, akayasema mbele yangu mpaka yakamkaa mdomoni: "Mume wangu, ile elfu saba ilikuwa inatosha, sasa haifiki jioni. Karatasi hii hapa. Naomba tuipandishe iwe elfu kumi, au tukae tuone tupunguze nini." Basi. Hakuna "siku zote wewe," hakuna "wenzio wanawatunza wake zao." Ukitaja mume wa jirani, umeshapoteza, atamjibu jirani, hatakujibu wewe. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi. Mtu akisema haja yake huona aibu, akaanza kuifunika: "lakini si lazima, hata tukiendelea hivi sawa tu." Ukisema hivyo umeirudisha mwenyewe mfukoni. Acha yeye atafute jibu, hata akikaa kimya muda.

La chumbani nalisema kwa adabu, ila nalisema, kwa sababu hapo ndipo uongo unapokuwa mwingi. Binti anafundishwa kumfurahisha mume, haambiwi kwamba na yeye ana mwili. Usijifanye umeridhika wakati hujaridhika. Kila ukijifanya unamfundisha arudie lile lile. Taa ikizimwa maneno huwa mepesi, yatumie: "hapa," "taratibu," "ngoja kwanza," "nikumbatie tu leo." Na siku mwili umechoka, usigeukie ukutani ukajitia usingizi. Mwambie, "Leo nimechoka mwili, sijakukataa wewe," umshike mkono. Mwanamume akigeuziwa mgongo bila neno hulala na mawazo ambayo wewe hukuyakusudia kabisa.

Wanaume, ninyi mmeambiwa tangu utotoni mjikaze kisabuni, ndiyo maana haja zenu hutoka kama ukali. Mtu anarudi amechoka, anataka nusu saa ya kukaa kimya, lakini hasemi. Anafoka kwa sababu chumvi imezidi. Sema: "Mama Fulani, kazini leo kumenichosha, niache kidogo, nikishaoga tutazungumza." Kisha ukishaoga, zungumza kweli. Na ukihitaji kusifiwa, omba. Nimemsikia mzee mtu mzima akimwambia mkewe, "leo nimeezeka banda peke yangu, hujaniambia kitu," mke akacheka kwa mapenzi, akatoka kwenda kuliangalia. Mzee hakupungukiwa na chochote.

Walio mbali, mmoja Muscat mwingine hapa, msiweke haja kwenye status. Status ndiyo kanga ya siku hizi, nayo inasomwa na mawifi kabla ya mlengwa. Piga simu, au tuma ujumbe wa sauti ulioupanga, akusikie ulivyo.

Jibu likija, lipokee lilivyo. Ukiomba, kubali kwamba anaweza kusema hapana. Kama hukuwa tayari kwa hapana, ulikuwa unaamuru. Lakini hapana ina maswali yake: "Haiwezekani leo, au haiwezekani kabisa? Kipi kinawezekana?" Yule dereva hakuweza elfu kumi. Aliweza elfu nane na gunia la mkaa kila mwezi, wakakubaliana hivyo. Kisha muulize na yeye: "Na wewe, kuna unachokitaka kwangu hujanambia?" Uliza ukiwa tayari kukisikia.

Yote haya ni kwa nyumba ambayo kusema hakuleti kipigo. Kama ukitaja haja unapigwa, au unanyimwa chakula, au unatishwa, usirudi kwangu kutafuta maneno matamu zaidi, maana tatizo si maneno yako. Kifungu cha 66 cha sheria ile ile kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au ofisi ya ustawi wa jamii, na umwambie ndugu mmoja unayemwamini kabla hujatoka.

Na pale ambapo hakuna kipigo, ila umesema kwa utulivu zaidi ya mara moja na mwenzio hasikii, mwite mshenga. Aliyeileta posa anajua nyumba zote mbili, na kazi yake haikuishia kwenye mahari. Akishindwa yeye, yapo mabaraza ya usuluhishi wa ndoa kwenye kata, na Waislamu wanayo ya BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Ukienda huko, nenda na ile ile haja uliyoiandika kwenye karatasi, si na historia ya miaka yote. Wasuluhishi huuliza "unataka nini?" mapema sana, na wengi waliofika wakilia hukwama hapo.