SOMO: Kukagua helikopta kabla ya kuruka

Kila wiki naulizwa swali lilelile: "Mkuu, fundi kashakagua, mimi nikague nini tena?" Naandika mara moja tu. Saini ya fundi ni ya siku aliyosaini. Tangu hapo mvua imenyesha na huenda kiota kimejengwa kando ya injini.

1. Orodha ya ukaguzi ya helikopta yako iwe mkononi, si kichwani.

2. Swichi zote zimezimwa.

3. Mafuta. Hapa nilikosea nikiwa na leseni mpya. Nilikinga kikombe chini ya tangi, nikaona kitu cheupe, safi, bila mstari wowote. Nikaridhika. Kumbe yalikuwa maji matupu! Petroli ya ndege ya 100LL ni ya buluu. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini ya tangi, na vali ya kutolea iko hukohuko chini. Kikombe kikijaa maji peke yake, ule mstari wa kutenganisha maji na mafuta hauonekani. Injini ilianza kukohoa nikiwa naelea futi tatu tu, nikatua. Ningekuwa juu ya miti nisingekuwa naandika hapa.
Kwa hiyo: kinga kikombe kabla hujaisukuma helikopta, maana ukiitikisa maji yanachanganyika na mafuta. Kinga kwenye kila vali. Weka kikombe mbele ya kitu cheupe, tafuta buluu, kisha nusa. Ukishajaza mafuta, subiri yatulie, ukinge tena.

4. Oili ya injini na za giaboksi: soma kiwango.

5. Injini: mivujo, mikanda, matambara yaliyosahauliwa.

6. Rota kuu, yaani panga kubwa za juu. Panda juu, usitazame ukiwa chini. Ule mstari wa rangi uliopakwa juu ya nati ukikatika, nati imezunguka. Usiikaze mwenyewe, ita fundi.

7. Rota ya mkia: nyufa, mikwaruzo, kulegea.

8. Zunguka mara ya mwisho: vifuniko, milango, kamba ya kufungia panga iwe imefunguliwa.

MASWALI

Mwewe: Abiria wakiwa wanasubiri, dakika tano zinatosha?
Jibu: Hapana. Waache wasubiri.

Kijana wa Anga: Oili tunaangalia wapi?
Jibu: Hatua ya 4. Mahali penyewe pameandikwa kwenye kitabu cha helikopta yako. Kifungue.

Tumaini: Nikikatizwa na simu katikati, niendelee pale nilipoishia?
Jibu: Swali zuri sana. Usiamini kumbukumbu yako, rudi mwanzo wa sehemu hiyo. Mimi simu naizima kabisa. Na kifuniko nikikifungua, sigeuzi hata shingo mpaka nimekifunga.

Tumaini: Na kwa injini ya tabaini (aina ya jeti)? Mafuta yake hayana buluu.
Jibu: Kweli, hayana rangi au yana rangi ya majani makavu, na maji huchelewa zaidi kuzama humo. Yape muda mrefu, kisha tumia dawa ya kupimia maji inayobadilika rangi.

Fundi Mstaafu: Nyongeza. Beba tochi hata mchana. Na panga za bati lililogundishwa, zigonge taratibu kwa sarafu kuelekea ncha. Sauti ikibadilika ikawa butu, gundi imeachia.
Jibu: Ahsante mzee wangu, hii naiingiza hatua ya 6. Ukiisikia sauti hiyo, safari imeishia hapo.

Mwewe: Hata kama ni sehemu ndogo tu?
Jibu: Hata ikiwa ndogo kama ukucha.