Seva ya mafaili ya ofisi kwa Samba: kila idara na folda yake, kila mtu na ruhusa yake

Ofisi nyingi ndogo hushea folda kutoka kwenye kompyuta ya mhasibu. Mambo huenda hadi siku kompyuta hiyo inapozimwa mapema, au mtu wa mauzo anapojikuta ndani ya folda ya mishahara. Isitoshe, Windows 10 na 11 haziruhusu zaidi ya vifaa 20 kuunganishwa kwa wakati mmoja. Kompyuta moja yenye Ubuntu Server (mfumo wa Linux wa seva) na Samba (programu inayoiwezesha Linux kushea folda na Windows) inamaliza shida hizo, mradi ruhusa zipangwe vizuri tangu mwanzo.

Kanuni ni moja: ruhusa hupewa kundi, si mtu. Mtu akihama idara unambadilishia kundi, folda huzigusi. Kwa hiyo kabla ya kugusa kibodi, chora jedwali kwenye karatasi: folda upande mmoja, makundi upande wa pili, na katika kila kisanduku andika "kuandika", "kusoma" au "hapana". Meneja atie saini jedwali hilo. Mabishano ya nani aone nini yaishe mezani, si kwenye seva.

Hatua ya 1: Sakinisha

```
sudo apt update
sudo apt install samba acl smbclient
```

Ipe seva anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.10. Ikibadilika, folda zote zilizounganishwa kwa anwani hiyo kwenye Windows zitakatika.

Hatua ya 2: Makundi na watumiaji

```
sudo groupadd uhasibu
sudo groupadd mauzo
sudo groupadd wakaguzi
sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G uhasibu asha
sudo smbpasswd -a asha
```

`nologin` inamzuia Asha kuingia kwenye seva yenyewe. Atafika kwenye mafaili tu. Samba ina hifadhi yake ya nywila, tofauti na ya Linux, ndiyo maana `smbpasswd` ni lazima. Ukiisahau, Windows itamwomba nywila bila kukoma hata akiandika iliyo sahihi.

Kumwongeza kwenye kundi jingine baadaye:

```
sudo usermod -aG mauzo asha
```

Ile `-a` usiiache kamwe. Bila hiyo, Asha anaondolewa kwenye uhasibu na kubaki na mauzo peke yake, na hakuna onyo lolote litakalotokea.

Hatua ya 3: Folda na ruhusa za Linux

```
sudo mkdir -p /srv/ofisi/uhasibu
sudo chown root:uhasibu /srv/ofisi/uhasibu
sudo chmod 2770 /srv/ofisi/uhasibu
```

Tarakimu 770 inafungua folda kwa mwenyewe na kundi, na kuwafungia wengine wote. Ile 2 ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa: kila kitakachoundwa humo kitarithi kundi la uhasibu. Bila hiyo, faili la Asha litabeba kundi binafsi la Asha, na mwenzake wa meza ya pili atashindwa kulihariri. Rudia amri hizi kwa kila idara.

Wakaguzi wanatakiwa kusoma bila kubadilisha kitu. Hapo `chmod` haitoshi, tumia ACL, yaani orodha ya ruhusa za ziada kwa kundi au mtu mahususi:

```
sudo setfacl -R -m g:wakaguzi:rX /srv/ofisi/uhasibu
sudo setfacl -R -d -m g:wakaguzi:rX /srv/ofisi/uhasibu
```

Amri ya kwanza inashughulikia vilivyomo sasa, ya pili vitakavyokuja. Watu wengi huandika ya kwanza tu, kisha baada ya wiki mkaguzi analalamika kwamba anaona ripoti za zamani lakini mpya zinamkataa. Ukishaweka ACL, usirudi kuchezea `chmod` kwenye folda hiyo, kwa sababu tarakimu ya kundi sasa ndiyo kikomo cha ACL yote. Hakiki kwa `getfacl`.

Hatua ya 4: Samba yenyewe

Tunza nakala ya `/etc/samba/smb.conf`, faili la mipangilio ya Samba, kisha ongeza mwishoni mwake:

```
[uhasibu]
   path = /srv/ofisi/uhasibu
   valid users = @uhasibu @wakaguzi
   read only = no
   create mask = 0660
   force create mode = 0660
   directory mask = 2770
   force directory mode = 2770
   access based share enum = yes
```

Kila ombi linapita milango miwili: wa Samba, yaani `valid users` na `read only`, kisha wa Linux uliouweka hatua ya 3. Ukifungwa mmoja tu, mtu hapiti. Kwa hiyo `read only = no` haimpi mkaguzi nguvu ya kuandika; Linux bado inamzuia.

Mistari ile minne ya `mask` na `mode` usiione ya ziada. Usipoiweka, Samba huunda mafaili kwa 0744 na folda kwa 0755, yaani kundi linasoma tu. Hicho ndicho chanzo cha lile lalamiko la kila ofisi: "Naliona faili la mwenzangu, ila linakataa kuhifadhiwa." Dawa si kufungulia kila kitu kwa 777. Hiyo inafungua mlango wa Linux kwa kila mwenye akaunti kwenye seva, na kukuachia ulinzi wa Samba peke yake.

```
testparm
sudo systemctl restart smbd
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 445 proto tcp
```

`testparm` itakuonyesha ulipokosea kuandika. Na mlango wa mtandao (port) namba 445, ambao Samba huutumia, usiufungue kwa intaneti kwa sababu yoyote ile. WannaCry ya mwaka 2017, programu hasidi iliyofunga mafaili na kudai fidia, ilisambaa kupitia huo huo. Anayefanya kazi nyumbani apitie VPN, yaani njia iliyofungwa kwa siri ya kuingia mtandao wa ofisi.

Hatua ya 5: Folda ya data ya programu ya uhasibu

Hapa ndipo pesa za kampuni zinapopotea, kwa hiyo tulia.

Kama programu inatumia hifadhidata kama SQL Server, PostgreSQL au MySQL, folda ya data usiishee kabisa. Programu huzungumza na hifadhidata moja kwa moja, na hakuna mfanyakazi mwenye haja ya kuyaona mafaili hayo. Shea folda ya viambatisho tu.

Kama data ni faili moja linalofunguliwa na watu wengi, mfano la Access (programu ya hifadhidata ya Microsoft), litengenezee sehemu yake peke yake. Fuata mfano wa hatua ya 4, ongeza:

```
   oplocks = no
   level2 oplocks = no
```

Bila mistari hiyo miwili, Samba huiruhusu Windows kushikilia sehemu ya faili kwenye kumbukumbu yake na kuiandika baadaye. Kwa barua za Word ni sawa, kasi inaongezeka. Kwa faili la hesabu linalotumiwa na wengi, umeme ukikatika kwenye kompyuta moja, kilichokuwa kwenye kumbukumbu kinapotea na faili linaweza kuharibika. Kompyuta hizo zitumie waya, si Wi-Fi.

Kila anayeifungua programu hiyo anahitaji ruhusa ya kuandika kwenye folda, hata kama kazi yake ni kutazama ripoti tu. Access huweka faili la kufuli la `.laccdb` pembeni ya data. Mtu wa kwanza asipoweza kuliunda, wengine watakwama kufungua. Mpaka wa kutazama au kuhariri uwekwe ndani ya programu.

Hatua ya 6: Unganisha Windows na ujaribu

```
net use U: \\192.168.1.10\uhasibu /user:asha /persistent:yes
```

Kosa 1219 maana yake Windows tayari imeunganishwa na seva hiyo kwa jina jingine. Toa `net use * /delete`, ambayo inakata miunganisho yote, halafu rudia.

Usikabidhi kazi kabla ya majaribio haya: Asha aunde faili, mhasibu wa pili alihariri, mkaguzi alifungue na akataliwe kuhifadhi, mtu wa mauzo akataliwe mlangoni. Ukitaka kujua tatizo liko wapi, jaribu ukiwa kwenye seva:

```
smbclient //localhost/uhasibu -U asha
```

Ukiona `NT_STATUS_LOGON_FAILURE`, shida ni jina au nywila. `NT_STATUS_ACCESS_DENIED` ni ruhusa: angalia makundi kwa `id asha`, kisha `namei -l /srv/ofisi/uhasibu` ikuonyeshe ni folda ipi njiani imefungwa. Kama umemwongeza kwenye kundi sasa hivi, atoke Windows aingie upya kwanza.

Mfanyakazi akiondoka, mfungie siku hiyo hiyo kwa `sudo smbpasswd -d asha`. Mafaili yake yanabaki mikononi mwa kundi.