Jinsi ya kumtafutia mtoto nafasi kwenye shule za bweni za bure za masista

Kama kuna mtoto unayemjua, wako au wa ndugu au wa jirani, darasani anafanya vizuri lakini kwao hata daftari ni shida, jua zipo shule za bweni za Kikatoliki ambazo ni bure kabisa, yaani ada, chakula, nguo, matibabu, kitanda, vyote juu yao. Ila tuelewane mapema, sio kila shule yenye jina la mtakatifu getini ni ya bure, nyingi zinalipisha na zingine zinalipisha sana. Ninazozisema mimi hapa ni hasa za Masista wa Maria, shirika alilolianzisha Padri Aloysius Schwartz, Mmarekani, mwaka 1964 kule Busan, Korea Kusini, wakati watu kule bado wana hali mbaya baada ya vita na watoto wamezagaa mitaani. Ufilipino wakaingia 1985, halafu Meksiko, ambako padri alikwenda akiwa tayari anaumwa ALS, ule ugonjwa unaolegeza misuli mpaka mtu hawezi kitu, ukamuua 1992. Leo wapo pia Guatemala, Honduras, Brazil na Tanzania.

Sasa nafasi unaipataje. Usianze kuhangaika na fomu za mtandaoni, hawa masista kawaida wanaenda wenyewe vijijini na kwenye mitaa ya watu wa chini, wanapitia parokia na shule za msingi, wanawapa watoto mtihani, wanaongea nao halafu wanaangalia na hali ya nyumbani. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni jina la mtoto liwe linajulikana kabla hawajafika. Nenda kwa paroko au katekista, nenda na kwa mwalimu mkuu, na uende mapema, mtoto akiwa bado hajafika darasa la mwisho la msingi, sababu wanachukua wanaoingia sekondari na aliyepitwa na umri ni ngumu kumrudisha. Sema wazi: huyu mtoto ana akili, baba hayupo, mama anafanya vibarua, masista wakija naomba mtukumbuke. Halafu usiseme mara moja ukanyamaza, kumbusha tena na tena, maana paroko ana mambo mia. Kama nyie sio Wakatoliki ulizeni hapo hapo utaratibu ukoje, msijikatie tamaa wenyewe.

Karatasi weka tayari: cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule, cha ubatizo kama kipo, na barua ya mwalimu au paroko. Cheti cha kuzaliwa ndio kinachelewesha wengi, anza nacho hicho.

Mtihani mara nyingi ni hesabu na kusoma, sio mambo ya ajabu. Shida ya watoto wetu ni kwamba sehemu na kugawanya kwa tarakimu nyingi zinawatoa jasho, na wakipewa habari ndefu wanaisoma vizuri tu kwa sauti lakini ukiuliza imesema nini kimya. Mpe habari fupi kila jioni, akimaliza funga kitabu akueleze kwa maneno yake. Nusu saa inatosha, ila iwe kila siku.

Kwenye intavyuu na wakija nyumbani ndio familia nyingi zinajiharibia, kwa aibu tu. Mgeni anakuja basi wanaazima viti vizuri, wanaazima pazia, mtoto anavalishwa nguo za binamu yake, sista anaingia anaona nyumba ya watu wenye nafuu, anapiga hesabu kwamba kuna mwenye shida zaidi. Acha nyumba ilivyo. Akiuliza mnalala wapi muonyeshe huo mkeka mmoja wa watu watano, akiuliza jana mmekula nini sema ukweli. Na mtoto ajibu mwenyewe, usimdakie maneno.

Jambo lingine zito, matapeli. Shule ya bure haina ada ya fomu, haina hela ya kushikilia nafasi, wala "soda ya sista". Mtu akikwambia tuma kwa simu leo nafasi zinaisha, huyo ni mwizi, hata kama anataja jina la shule ya kweli na ana picha za masista. Thibitisha parokiani kabla hujatoa hata senti, na mtoto usimkabidhi kwa mtu usiyemjua eti atamfikisha shule.

Halafu ongea na mtoto kuhusu kutengana, kwa kweli kabisa. Kwenye shule hizi mara nyingi anarudi nyumbani mara moja tu kwa mwaka, ratiba ni kali, sala, masomo, kazi za mikono na ufundi. Pale Chalco, Meksiko, kati ya 2006 na 2007 mamia ya wasichana wa shule ya masista hawa walianza kuumwa miguu na kushindwa kutembea vizuri, madaktari wa serikali wakapima, hawakukuta sumu wala kijidudu, wakasema ni mambo ya akili na msongo yaliyoenea kwa wengi kwa pamoja. Sisemi hivyo nikutishe, shule hizi zimetoa maelfu ya vijana wenye kazi na mimi naziamini, ila mtoto asipelekwe kama mzigo. Muulize yeye anataka? Uliza na shule: simu anaruhusiwa lini, barua je, wazazi wanatembelea lini, akilemewa anamwambia nani. Majibu yaandike kwenye karatasi na yeye aondoke na nakala yake.

Asipochaguliwa, rudi kwa paroko wiki hiyo hiyo umuulize kuhusu shule zingine za mashirika zenye ufadhili, na mdogo wake anayefuata muanzishie cheti cha kuzaliwa sasa hivi.