Kuhamia Kigamboni: jinsi ya kukodi gari na vijana wa kubeba

Naendesha Canter ya kukodi, lori dogo la mizigo, kijiwe chetu kipo Tabata, Dar es Salaam, na kazi yangu kubwa ni kuhamisha watu. Siku hizi wengi wanavuka maji: wanaacha chumba na sebule Tabata au Sinza, wanakwenda Mjimwema, Kibada au Geza Ulole, upande wa Kigamboni, kufuata upepo wa bahari na uwanja wa kuanika nguo. Juzi nilimwelekeza mdogo wangu wa kike kwa simu, mimi nikiwa na mzigo Morogoro, naye akaniuliza yale ambayo wateja hawaulizi mpaka gari limeshapakiwa. Nikaona bora niyaandike.

Hatua ya 1: Gari

Chumba kimoja, kirikuu, yaani pikapu ndogo, inatosha. Kuanzia chumba na sebule, chukua Canter. Watu wanaipenda kirikuu kwa sababu bei ya tripu moja ni ndogo, lakini tripu ya pili ya Kigamboni si sawa na ya kwenda Segerea hapa jirani. Mafuta yanakwenda mara mbili, daraja linalipiwa upya, na nusu ya vyombo inabaki nyumba usiyokuwepo. Mtasema natetea ugali wangu. Sawa, natetea, ila pigeni hesabu. Fuso ni kubwa mno kwa nyumba ya kawaida, na guta kwa safari hii tusilitaje kabisa.

Nenda kijiweni mwenyewe. Dalali aliyekutafutia nyumba atakuambia "nina kijana wangu ana gari", na huyo kijana lazima aweke cha juu cha dalali.

Hatua ya 2: Makubaliano

Ukiuliza bei ukatajiwa, jua hiyo ni ya gari, dereva na mafuta. Utingo yupo kwa ajili ya kufunga kamba na kumwelekeza dereva akirudi nyuma. Friji habebi yeye. Vijana wa kubeba ni mkataba mwingine, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Je, wanapanda gari mpaka Kigamboni, au wanapakia tu na kubaki Tabata? Wakienda, nauli ya kurudi ni ya nani? Wanashushia getini au wanaingiza ndani? Kijana akisema "kushusha" ana maana ya kutoa kwenye gari na kuweka chini. Wewe unafikiria kitanda kiko chumbani.

Sitaandika bei hapa, maana dizeli ikipanda leo, kesho mtanitukana. Ila jua kwamba dereva anakupigia hesabu ya kwenda na kurudi, kwa kuwa akishakushusha anarudi mtupu. Ukimpata ambaye ana mzigo wa kurudi nao, anapunguza bila kuombwa sana.

Mkishaelewana, mtumie ujumbe ili maneno yasibadilike. Wangu ningependa uwe hivi: "Kaka, tumekubaliana Canter, Tabata Kimanga hadi Mjimwema, tripu moja, tozo ya daraja kwenda na kurudi iko ndani ya bei, vijana wanne kupakia na kuingiza vyumbani, Jumamosi saa 12 asubuhi. Nusu nalipa mzigo ukishafungwa, nusu ukishashushwa." Dereva anayekataa kujibu "sawa" kwenye ujumbe huo, mwache aende zake.

Hatua ya 3: Kapime njia ya mwisho

Hii wengi wanairuka, na ndiyo inayokula siku nzima. Lami ya Kigamboni haina shida. Shida inaanza unapoiacha kuelekea baharini, kwenye mchanga. Mteja mmoja aliniambia njia ni nzuri, hata Noah inafika. Noah haijabeba friji, makabati mawili na simtank. Tairi za nyuma zilianza kuzunguka pale pale, gari likazama hatua chache kabla ya geti, na jua likalifuata.

Kwa hiyo, siku mbili tatu kabla, tembea kwa miguu toka lami hadi getini. Angalia alama za tairi. Maboza ya maji yanafika kwa jirani? Kama boza lililojaa linapita, Canter itapita. Kama unaona alama za pikipiki tu, uliza kwanza. Ukitembea na mchanga unaingia ndani ya viatu, piga video njia yote umtumie dereva, akiamua aamue kwa macho yake.

Mchanga mkavu ni mbaya kuliko ulioloa. Baada ya mvua ndogo unashikana na gari linapita vizuri. Lakini sehemu zenye udongo wa mfinyanzi, huko ndani mbali na ufukwe, ni kinyume: mvua ikinyesha kule, msiende. Masika, yaani Machi hadi Mei, kama nyumba yako iko kwenye mfinyanzi na mwenye nyumba anakubali kusubiri, subiri.

Ukiwa hapo hapo tazama juu na chini. Juu kuna nyaya za umeme zilizolegea na matawi ya mikorosho, na kabati lililosimama kwenye bodi ni refu kuliko unavyodhani. Chini kuna makaro. Nyumba nyingi shimo la maji taka liko mbele, karibu na geti, mfuniko umefukiwa na mchanga. Muulize mwenye nyumba liko wapi, weka jiwe au kijiti. Canter yenye mzigo ikikanyaga ule mfuniko, gharama yake itazidi kodi uliyolipa.

Gari likizama, mzuie dereva asikanyage mafuta, maana kila tairi likizunguka linachimba. Shusheni vitu vizito, chimbeni mbele ya tairi za nyuma, wekeni mbao, punguzeni upepo kidogo kwenye tairi, kisha litolewe taratibu. Upepo ukipunguzwa lazima ujazwe kabla ya kurudi lami, kwa hiyo ujue fundi pancha wa karibu yuko wapi. Vijana wa mtaa watajitokeza kusaidia. Elewaneni bei kabla hawajagusa gari, si baada.

Na ukishaona kwamba Canter haifiki, bado si mwisho. Gari litasimama barabarani na mikokoteni itamalizia. Ila mikokoteni hiyo uiagize jana yake, na uweke mtu wako mmoja kwenye gari na mwingine nyumbani. Mzigo ukigawanyika bila macho, pasi na rimoti huwa za kwanza kupotea.

Hatua ya 4: Barua

Chukua barua ya utambulisho serikali ya mtaa unakotoka. Mwenyekiti wa kule uendako ataitaka, na ukisimamishwa njiani na gari limejaa vyombo vya ndani inakuokoa maelezo mengi. Usihame usiku.

Hatua ya 5: Kufunga na kupakia

Kufunga vyombo mnajua. Yangu ni machache. Viroba ni bora kuliko maboksi: vinabanwa kwenye nafasi yoyote na havipasuki vikiloa. Sahani zifungwe kwa khanga na mashuka, maana hayo unayabeba vyovyote vile. Misumari na bolti za kitanda zitie kwenye soksi, soksi ifungwe kwenye chaga. Friji isimame. Ikilazimika kulazwa, isiwashwe mpaka kesho yake, ili oili irudi kwenye kompresa. Mtungi wa gesi utolewe regulata na usimame nyuma kabisa penye hewa.

Makabati ya chipubodi yafunguliwe vipande. Wakikuambia "tutalibeba hivyo hivyo", kataa.

Hatua ya 6: Njia

Mimi napita Barabara ya Mandela, TAZARA, Uhasibu, Kurasini, halafu Daraja la Nyerere. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 2016 na tozo yake inategemea ukubwa wa gari. Wapo wanaong'ang'ania pantoni ya Magogoni kuokoa hela. Foleni ya magari pale na vijana uliowalipa wamekaa juu ya makochi, sioni faida. Anayetoka Mbagala azunguke Kongowe, aingilie Kibada, na daraja halimhusu.

Tokeni saa 12 asubuhi. Saa 2 Mandela inakuwa maegesho.

Hatua ya 7: Kushusha

Kitanda na godoro viingie kwanza chumbani, kabla njia ya kupita haijajaa viroba. Simtank ipelekwe moja kwa moja kwenye kibaraza chake, kwa sababu ikishawekwa mlangoni hakuna atakayeigusa tena. Kabla hujatoa nusu ya pili, panda mwenyewe kwenye bodi, inua turubai, angalia pembeni na nyuma ya tairi ya akiba. Fimbo za pazia zinapenda kulala pale.