Filamu za Vitisho za Kutazama na Watoto Msimu wa Vuli

Mvua za vuli zikianza kunyesha Oktoba, jioni za Mombasa huwa za ndani, na mwezi huohuo huduma za filamu mtandaoni hujaa mizuka, wachawi wenye mafagio na maboga yaliyochongwa macho. Sababu ni Halloween, tarehe 31 Oktoba, wakati ambapo huko Marekani na Uingereza majani ya miti yanapukutika na giza linaingia mapema. Mweleze mtoto kwa sentensi mbili kabla hamjaanza: siku hiyo watoto wa huko huvaa mavazi ya kutisha, wakapita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Usipomweleza atakukatiza katikati ya filamu akuulize mbona boga limetiwa meno badala ya kutiwa nazi.

Watoto wa mwambao wamelelewa na hadithi za mazimwi, na baada ya paukwa na pakawa zimwi lilikuwa likila watu kisawasawa. Walilala vizuri kwa sababu msimuliaji alikuwa karibu nao, aliijua hadithi mpaka mwisho, na hakunyanyuka kabla zimwi halijashindwa. Filamu ya kutisha inataka mambo hayohayo matatu.

Itazame wewe kwanza

Alama ya umri peke yake haitoshi. Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya hutumia GE kwa filamu ya watu wote, PG kwa inayohitaji mwongozo wa mzazi, halafu 16 na 18. Wamarekani wana G (ya watu wote), PG, PG-13 (wazazi wa walio chini ya miaka 13 huonywa zaidi) na kuendelea. Utata uko kwenye PG. Alama ya PG-13 ilianzishwa Julai 1984, kwa hiyo kabla ya hapo filamu kali kwa watoto wadogo ziliweza kuachwa kwenye PG. Poltergeist ya 1982 ni PG. Gremlins ya 1984 pia ni PG. Ukiona alama hiyo kwenye filamu iliyotoka kabla ya katikati ya 1984, ichukulie kuwa ya mtoto wa miaka 13 mpaka uhakikishe kwa macho yako.

Huna muda wa kuitazama yote? Tazama dakika 10 za mwanzo na nusu saa ya mwisho, kwa sauti ya kawaida. Andika mambo matatu: nani anakufa, picha gani inatokea kwa ghafla, na mwisho unakuwaje. Kisha mfikirie mtoto wako mwenyewe. Kuna asiyejali mizuka hata kidogo lakini sindano humtoa machozi, na Coraline inaanza na sindano ikifumua mwanasesere mmoja mbele ya kamera. Mwingine huogopa kupotea, mwingine mbwa, mwingine mama kubadilika.

Na ukialika watoto wa jirani, muulize mama yao mapema. Nyumba nyingi hapa hazitaki filamu za uchawi wala majini, na hilo ni la kuheshimiwa. Zipo za kuwafaa.

Za kuanzia, miaka 4 hadi 7

Scooby-Doo, Where Are You! ilianza kurushwa 1969, ina vipindi 25, kila kimoja kama dakika 22. Mzuka wake huwa ni mtu aliyevaa kinyago, kwa kawaida kwa tamaa ya mali, na mwishoni kinyago huvuliwa. Ndiyo salama kuliko zote kwa nyumba zisizotaka habari za mizimu. Shida moja: mtoto wa miaka 4 huogopa kabla hajafika kwenye kuvuliwa kinyago. Kwa hiyo mara ya kwanza mwonyeshe dakika 3 za mwisho, aone mtu chini ya kinyago, kisha urudi mwanzo. Ataanza kubashiri mwenyewe ni nani, na mtu anayebashiri haogopi sana.

It's the Great Pumpkin, Charlie Brown ya 1966 ni dakika 25 na haina cha kuogofya. Ni ya polepole. Mtoto aliyezoea katuni za kasi atachoka nayo ukiiweka mwisho, basi ianze yenyewe.

Wallace & Gromit: The Curse of the Were-Rabbit ya 2005 ndiyo tunayoipenda kupita zote za kundi hili. Ni dakika 85, Marekani iliipa alama ya G, na ilishinda Oscar ya filamu bora ya katuni. Kuna mnyama mkubwa anayetembea usiku, lakini anachokula ni mboga za watu tu. Gromit, yule mbwa mwerevu, hasemi neno hata moja. Anaeleza kila kitu kwa paji la uso, kwa hiyo mtoto ambaye Kiingereza bado kinampita ataelewa sehemu kubwa bila kutafsiriwa. Isimamishe picha uso wa Wallace ukiwa karibu, umwonyeshe mtoto alama za vidole kwenye udongo laini ambao wahusika wamefinyangwa nao. Akishaona vidole vya fundi, yule mnyama atamwogopesha kidogo tu.

Hotel Transylvania ya 2012, dakika 91, inageuza mambo: mazimwi ndiyo yanayowaogopa binadamu. Inafaa kwa mtoto mwenye hofu nyingi. Kelele zake ni nyingi, punguza sauti.

Miaka 7 hadi 10

Casper ya 1995 ina mzuka mpole, lakini pia ina msichana aliyefiwa na mama na mvulana aliyekufa mdogo. Coco ya 2017, dakika 105, ni ya desturi ya Meksiko ya kuwakumbuka wafu tarehe 1 na 2 Novemba, na picha za marehemu huwekwa mezani pamoja na maua na chakula. Mifupa yake inachekesha. Kinachogusa ni kusahauliwa, na ndani yake mna siri ya mauaji. Kama mtoto amefiwa na bibi au babu mwaka huu, kaa naye bega kwa bega, na usishangae akilia. Huenda mazungumzo yakaja baadaye, wakati wa kuosha vyombo. Mweleze pia kwamba ile ni desturi ya watu wa kule na kwenu mnawaombea wafu wenu kwa namna yenu.

Monster House ya 2006 hudanganya kwa sura yake. Inaonekana katuni nyepesi, lakini nyumba inameza watu, na mzee mmoja anaanguka mapema kana kwamba amekufa. Anarudi. Mtoto akikuuliza kama amekufa, mwambie ataonekana tena. Kumnyima jibu hakumfundishi ujasiri. Miaka 8 kwenda juu.

Hocus Pocus ya 1993 wengi huichukulia kuwa ya utani tu. Mwanzo wake una msichana mdogo anayenyonywa uhai, kisha wachawi wananyongwa, na neno bikira linarudiwarudiwa na wahusika. Kama nyanya au mjomba yuko sebuleni, jua hilo kabla hujabonyeza.

Miaka 10 na zaidi

Coraline ya 2009, dakika 100, imeongozwa na Henry Selick. Msichana anapata mlango mdogo ukutani, na upande wa pili kuna mama anayefanana kabisa na mamake, anayepika vizuri zaidi, ila macho yake ni vifungo. Hofu yake ni nzito kwa sababu inamgusa mtu ambaye mtoto humkimbilia akiogopa. Kosa linalofanyika mara kwa mara ni kuzima mapema: Coraline akirudi kwao watoto hudhani imekwisha, wakubwa wanaanza kukunja mikeka, kumbe mkono wa yule mama mwingine bado unakuja kuutafuta ufunguo. Aliyeondoka hapo ameondoka na ule mkono. Kaeni mpaka mkono utupwe kisimani.

Over the Garden Wall ya 2014 ina vipindi 10 vya kama dakika 11, na hakuna kitu kinachoonyesha vuli ya nchi za baridi vizuri kama hiki: msitu mwekundu, ukungu, vyura wanaoimba. Gaweni jioni mbili, vitano vitano. Kuhusu Wednesday, mfululizo wa 2022 ambao watoto wote wanajua ngoma yake: umewekewa umri wa miaka 14, na damu imo. Ngoma waicheze, vipindi vingoje.

Saa ya kuanza

Mwishoni mwa Oktoba jua la Mombasa huzama kama saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Kati ya magharibi na isha panatosha kipindi kimoja cha Scooby-Doo au kile cha Charlie Brown. Filamu nzima ianze baada ya isha, tuseme saa mbili kasorobo: ya dakika 91 itaisha saa tatu na robo, ukiongeza nusu saa ya kupoa, mtoto yuko kitandani saa nne kasorobo. Hiyo ni ya Ijumaa au Jumamosi.

Kwa walio chini ya miaka 7, mara ya kwanza ifanyeni alasiri. Fungeni mapazia saa kumi. Filamu ikiisha, fungueni, na nje bado kuna mwanga na watoto wanacheza. Hakuna dawa ya hofu inayoshinda hiyo.

Sauti, mwanga na ukuta

Mtoto akiogopa hufumba macho, lakini masikio yanabaki wazi. Ndiyo maana rimoti ikae mkononi mwako, na sauti ishushwe hatua 3 au 4 sekunde chache kabla ya kishindo. Runinga nyingi zina mpangilio wa usiku unaosawazisha sauti, uwashe. Spika ziwe pande za kioo, zisiwe nyuma ya watoto. Spika ya Bluetooth huchelewesha sauti, midomo na maneno vikapishana, tumia waya.

Mkitumia projekta, ukuta mweupe usiong'aa ni bora kuliko shuka. Rangi ya mafuta hurudisha doa la mwanga katikati ya picha. Shuka lipigwe pasi, litundikwe mbele ya kitambaa cheusi ili mwanga usipenye, na pindo la chini lifungwe vijiti kwa sababu ya upepo wa bahari. Soma lumeni za ANSI, yaani kipimo cha mwanga wa projekta, usidanganyike na namba kubwa iliyo kwenye boksi. Projekta ya lumeni 200 hadi 300 itatoa picha nzuri ya upana wa mita 1.5 au 2 gizani. Ukiongeza upana mara mbili, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo mara nne, na sehemu za usiku za Coraline hazionekani tena.

Giza totoro halihitajiki. Acha taa ndogo nyuma ya runinga, na taa ya njia ya kwenda choo iwake muda wote. Mtoto anayeogopa ukumbi wenye giza hatasema anataka kwenda. Atajibana mpaka godoro lilowe. Simamisha filamu ikibaki theluthi moja, waende wote.

Bisi: vijiko 3 vya mafuta na nusu kikombe cha mahindi kwenye sufuria kubwa yenye kifuniko. Tia punje 3 kwanza. Zikipasuka, mimina zilizobaki, epua sekunde 30, rudisha motoni na utikise, kifuniko kikiwa na mwanya kidogo mvuke utoke. Mvuke ukifungiwa, bisi hunywea, na unyevu wa vuli humalizia. Pika dakika chache kabla ya kuanza. Wenye umri chini ya miaka 4 usiwape, hukwama kooni. Wape kaimati au ndizi. Mabuyu yaliwe kabla taa hazijazimwa: gizani ile rangi nyekundu huishia kwenye foronya.

Stima ikipotea

Vuli ni msimu wa stima kukatika, na ikikatika zimwi likiwa mlangoni, mtoto anabaki gizani na hadithi isiyo na mwisho. Pakueni filamu mapema kwenye laptopu iliyojaa chaji. Projekta itazima lakini laptopu itaendelea. Kwa Netflix, kiwango cha kawaida hula karibu GB 1 kwa saa, na HD mpaka GB 3, kwa hiyo ya dakika 100 kwa kiwango cha kawaida ni kama GB 1.7 ya bando. Taa ya sola iwe karibu ya mkono. Kama hakuna njia ya kuendelea, kaa nao uwasimulie filamu ilivyoisha, mpaka mwisho kabisa. Hapa ndipo kuitazama kwanza kunapolipa.

Baada ya filamu

Msiende kitandani moja kwa moja. Nusu saa ile itumieni kuonyesha jinsi filamu ilivyotengenezwa. Coraline ni wanasesere waliosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha, 24 kwa kila sekunde ya filamu. Nyuso zao nyingi zilichapwa kwa mashine na kubadilishwa moja baada ya nyingine, na sweta yake ilifumwa kwa mkono kwa sindano nyembamba mno. Mpe mtoto karatasi achore zimwi, kisha alichoree kofia au miguu ya kuku.

Akikurupuka usiku, usimwambie hakuna kitu. Muulize ni sehemu gani, mwache aieleze, kisha mwambie iliishaje. Hofu ikirudi usiku wa pili na wa tatu, shukeni ngazi moja: aliyeogopa Monster House arudi kwa Wallace na Gromit, na ile nyingine ingoje vuli ijayo.