Kuchagua Laptopu Moja ya Masomo na Gemu: Hatua za Kufuata Kabla ya Kulipa

Kila Agosti, wanafunzi wapya wa vyuo wanapojiandaa kwa muhula wa kwanza, meza yangu ya ufundi hapa Kampala hujaa laptopu zilizonunuliwa wiki hiyohiyo. Nyingi hazina ubovu wowote ila zilichaguliwa vibaya: moja inaganda Zoom na Word zikifunguliwa pamoja, nyingine inacheza gemu ya mpira bila shida lakini betri yake haimalizi mhadhara mmoja. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, na wa mzazi anayemlipia, ambaye mfuko wake unaruhusu mashine moja tu ya kazi za darasani mchana na gemu jioni kwa miaka yote ya shahada. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba mashine hiyo iwe inafunguka, yaani ramu (kumbukumbu ya kazi zinazoendelea) na diski yake (hifadhi ya mafaili) viweze kubadilishwa na fundi wa kawaida, kwa kuwa mahitaji ya mwaka wa tatu hayatafanana na ya mwaka wa kwanza na fedha ya mashine ya pili huenda isipatikane.

Hatua ya 1: Orodhesha programu na gemu kwa majina

Usiende dukani na maneno "ya masomo na gemu kidogo", kwa sababu muuzaji atayatafsiri kulingana na bidhaa aliyonayo. Chukua karatasi uandike. Mwanafunzi wa sheria pale Makerere anahitaji kivinjari cha kufungulia MUELE (mfumo wa masomo ya mtandaoni wa chuo hicho), Word na Zoom, basi; mwenzake wa uhandisi ataongeza AutoCAD, programu ya kuchorea michoro, na mahitaji yake yanakuwa mazito hata kabla hatujataja gemu. Kisha andika gemu zenyewe. Minecraft na GTA: San Andreas huchezeka kwa grafiki zilizomo ndani ya prosesa (ubongo wa mashine), ilhali EA Sports FC 24 inataka, kwa uchache, kadi ya grafiki (chipu ya pekee ya kuchora picha) ya kiwango cha GTX 1050 Ti, ramu ya gigabaiti 8 na nafasi ya gigabaiti 100 kwenye diski. Jina moja kwenye orodha linaweza kubadilisha aina nzima ya mashine unayotafuta, kwa hiyo jiulize kama gemu hiyo utaicheza kila wiki au umeiandika kwa sababu marafiki wanaitaja.

Hatua ya 2: Amua kundi la mashine

Ikiwa gemu zako ni nyepesi, tafuta laptopu za ofisini zilizotumika, kama vile ThinkPad T480, EliteBook 840 G5 au Latitude 7490. Hizi zina bawaba imara na nafasi mbili za ramu. Ikiwa orodha ina gemu nzito, utahitaji laptopu yenye kadi yake ya grafiki, mfano GTX 1650 ya mwaka 2019, nawe ukubali uzito begani, betri inayokwisha mapema, na chaja inayotaka takriban mara mbili ya wati 65 zinazoitosha laptopu ya ofisini. Kwa anayekaa kwenye hosteli inayotegemea sola au jenereta umeme ukikatika, hilo si jambo dogo, na ndiyo maana wengi mimi huwaelekeza kwenye kundi la kwanza.

Kundi ninalowaomba mliepuke ni la laptopu mpya, nyembamba na za bei nafuu zenye prosesa dhaifu ya Celeron, ramu ya gigabaiti 4 iliyolehemewa kwenye bodi na hifadhi ndogo ya eMMC, iliyolehemewa pia, ya gigabaiti 64. Upya wake unavutia macho, lakini ramu yake hakuna fundi wa kawaida atakayeiongeza.

Hatua ya 3: Soma namba ya prosesa

Nilipoanza kazi hii nilimnunulia mdogo wangu laptopu yenye kibandiko kinachong'aa cha i7, daraja la prosesa za Intel lililo juu ya i5, na muuzaji akaniapia kwamba i7 haina mpinzani. Ilikuwa ya kizazi cha 4, iliyotoka mwaka 2013, na kwa fedha ileile ningepata i5 mpya zaidi kwa miaka kadhaa. Bado naumia nikikumbuka alivyoipokea kwa furaha.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, kisha soma mstari wa prosesa. Kwa Intel Core za miaka hiyo, tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi, ila namba ikianza na 1 soma tarakimu mbili za kwanza: i5-8250U ni ya kizazi cha 8, i7-7500U ni ya cha 7, na i5-1135G7 ni ya cha 11. Hiyo i5-8250U ina viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja, wakati i7-7500U ina viwili tu. Mpaka wangu ni kizazi cha 8, kwa sababu karibu prosesa zote za Intel za kabla yake hazikubaliwi rasmi na Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa upande wa AMD, Ryzen 5 3500U ni mwanzo mzuri.

Hatua ya 4: Angalia ramu, na jinsi ilivyopangwa

Gigabaiti 8 ndicho kiwango cha chini, na 16 ndizo zitakazokutosha bila kubanwa. Ila wanunuzi wengi huishia kwenye kiasi, wakasahau mpangilio. Laptopu isiyo na kadi yake ya grafiki huazima ramu ya mashine ili kuchora picha za gemu. Kijiti kimoja cha ramu hupitisha data kwa njia ya biti 64. Viwili vinavyofanya kazi pamoja hufungua njia ya biti 128, na grafiki hulishwa kwa kasi maradufu. Kwa hiyo vijiti viwili vya gigabaiti 4 vinaweza kuendesha gemu kwa ulaini kuliko kijiti kimoja cha gigabaiti 8.

Mwanafunzi mmoja aliniletea T480 yake akilalamika kwamba Minecraft inakwamakwama kila anapogeuka upande. Nilizima betri ya ndani kupitia BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka), nikatoa betri ya nje, nikalegeza skrubu za mfuniko wa chini, nikapitisha kadi ya plastiki ukingoni hadi vishikizo vikaachia kimoja baada ya kingine. Nafasi moja ilikuwa na kijiti cha gigabaiti 8. Ya pili ilikuwa tupu, imejaa vumbi jekundu. Nililipuliza, nikaingiza kijiti cha pili kwa mwinamo, nikakikandamiza hadi vibanio vya pembeni vikalia. Alicheza palepale mezani, na picha zikapita bila kukwama.

Dukani huhitaji kufungua chochote. Fungua Task Manager, nenda sehemu ya Performance, bonyeza Memory, uone nafasi ngapi zimetumika. Moja kati ya mbili ni habari njema. Angalia pia kama kijiti kimojawapo kimelehemewa, kama ilivyo kwa T490, ambayo imebakiwa na nafasi moja tu ya kuongezea.

Hatua ya 5: Diski iwe SSD

Gigabaiti 256 zinatosha masomo, 512 zinafaa gemu kubwa. SSD, hifadhi ya chipu, haina sehemu inayozunguka, na begi linalopanda bodaboda kila siku kwenye mashimo haliifai diski ya zamani inayozunguka.

Hatua ya 6: Ijaribu mashine chaja ikiwa imechomolewa

Mama mmoja alinipigia simu akiwa dukani. "Fundi, wanasema betri inakaa saa sita."

"Mama, usilipe kwanza," nikamwambia. "Mwombe achomoe chaja, halafu mpe simu nimwelekeze."

Tulifungua Command Prompt, tukaandika powercfg /batteryreport, na ripoti ikajitunza kama ukurasa wa kufungua kwa kivinjari. Humo unalinganisha namba mbili, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY: ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 30,000, betri imebakiwa na asilimia 60. Ya yule mama ilikuwa chini ya nusu, na muuzaji alipoonyeshwa akapunguza bei kwa kiasi cha kununulia betri nyingine.

Kisha washa upya na uingie BIOS. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, iache mashine hiyo, hata kama bei inakuvuta. Bonyeza kila herufi ya kibodi, hakikisha kioo ni cha 1920 kwa 1080, na uendeshe gemu kwa dakika kumi na tano huku mkono ukiwa chini ya mashine na sikio likisikiliza feni. Feni inayokwaruza, au gemu inayoanza vizuri na kuwa nzito kadiri joto linavyopanda, huashiria vumbi au pasta ya joto (inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa) iliyokauka. Vyote hurekebishika, lakini gharama yake iondolewe kwenye bei.

Hatua ya 7: Waya na risiti

Laptopu zilizotumika mara nyingi huja na plagi za nchi zilikotoka. Soketi zetu ni za volti 240 zenye matundu matatu ya mstatili, basi dai waya wenye plagi yake badala ya adapta inayolegea na kutoa cheche. Risiti iandikwe modeli, namba ya utambulisho ya mashine na siku za dhamana. Siku hizo zisipite kabla hujaendesha kila programu na kila gemu iliyo kwenye ile karatasi ya hatua ya kwanza, chaja ikiwa imechomekwa na ikiwa imechomolewa.