Jinsi ya kuendesha kaofisi ka usanifu majengo hapa Dodoma na ukalipwa

Wadau, tangu serikali ihamie huku kila mtu anajenga, nenda Iyumbu, Nzuguni, Mkonze, Mtumba ndo usiseme, lakini ofisi ndogo za wasanifu zinafunga milango kimya kimya. Sio kwamba kazi hakuna. Hela imelala kwa wateja, na bosi mwenyewe hajui mchoro mmoja unamgharimu shilingi ngapi.

Anza na hilo la gharama. Andika kila kinachotoka kwa mwezi, kodi ya pango, mishahara (na wa kwako uuandike, sio unakula kilichobaki), umeme, bando, mafuta ya pikipiki, leseni za programu, ada ya Bodi ya usajili wa wasanifu na wakadiriaji majenzi (AQRB). Tuseme inafika milioni nne na nusu. Mpo watatu, na masaa ya kuchora kweli kweli ni kama 100 kwa kila mmoja, mengine yanaliwa na simu na kufatilia vibali jiji. Gawa kwa 300, saa moja ni 15,000. Nyumba ya vyumba vitatu ikila masaa 60 hiyo laki tisa, na faida hujaweka hata mia. Sasa mteja akikwambia kuna kijana anachora kwa laki mbili we mtakie kila la heri, usishuke, maana huyo kijana anauza ramani ya mtu mwingine aliyobadilisha jina tu.

Alafu mkataba, hata wa kurasa mbili. Lipwa kwa hatua: mimi napenda 40 kwa 30 kwa 30, yani asilimia 40 kabla sijagusa kompyuta, 30 akishakubali wazo la kwanza, 30 ya mwisho kabla sijaprinti na kugonga muhuri michoro ya kibali. Hiyo ya mwisho usiilegeze hata kwa shemeji yako. Wakati wa wazo mtumie PDF yenye jina la ofisi katikati na isiyo na vipimo, ukimpa faili lenyewe fundi wake anamaliza kazi na wewe simu haipokelewi tena.

Kinachokula watu zaidi ni mabadiliko. Saa tatu usiku inaingia voisi noti: "Injinia, mama watoto kasema jiko lihamie nyuma, alafu ongeza na chumba cha wageni, si kitu kidogo tu hicho?" (sisi wote ni mainjinia, zoea.) Usibishane na usikubali kimya kimya. Jibu, "Sawa mzee, inawezekana, kesho asubuhi nakutumia gharama ya hiyo nyongeza." Nusu ya hayo mabadiliko yanakufa hapo hapo. Kwenye mkataba andika marekebisho mangapi yako ndani ya bei, mawili yanatosha.

Malipo ya mhandisi wa nondo na zege, mkadiriaji majenzi (anayepiga hesabu za vifaa na gharama) na kupima udongo yaandike pembeni na bei yake. Huku kuna maeneo ya udongo mweusi wa mfinyanzi, mvua ikinyesha unavimba kiangazi unapasuka, na ukuta ukichanika anayepigiwa simu ni wewe uliyechora.

Kazi za serikali sasa zinapita NeST, ule mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, kwaiyo kampuni iwe imesajiliwa AQRB na mambo ya TRA yawe safi, sio unaanza kuhangaika tenda ikiwa imebaki siku mbili. Ni kazi nzuri ila malipo yanaweza kuchelewa, kwaiyo usichukue mradi ambao mishahara yako haiwezi kuusubiri miezi kadhaa. Wakikata ile asilimia 5 ya kodi ya zuio (inayokatwa kwenye malipo kabla hayajakufikia) dai cheti chake, hiyo ni hela yako inayopunguza kodi ya mwaka, watu wanaiacha hivi hivi.

Na muhuri usikodishe. Atakuja mtu na michoro yake anataka ugonge tu akupe laki, jengo likileta shida Bodi haitamtafuta yeye.

Usimamizi wa saiti nao sio zawadi. Weka idadi ya safari kwa mwezi na bei ya kila safari ya ziada, Ihumwa sio jirani. Kila ukienda andika kwenye daftari la saiti ulichoagiza, fundi asaini na we upige picha ukurasa, maana ngazi ikija kutoka fupi kila mtu atasema ndivyo msanifu alivyosema.